RDC: Ndani ya mashimo ya dhahabu, nani ana ruhusa ya kusema "tutoke"?

Ijumaa tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilinyesha mjini Kamituga, wilayani Mwenga, jimboni Kivu ya Kusini. Mchana huo, kwenye chimbo linaloitwa Detroit, maji yalivamia mashimo matatu ya dhahabu yaliyokuwa karibu karibu. Wachimbaji walikuwa ndani, wengi wao vijana. Gavana wa jimbo wakati ule, Théo Ngwabidje Kasi, alitangaza vifo vya watu 50. Video zilizozunguka kwenye simu zilionyesha mamia ya watu wamesimama kwenye mteremko wa mlima, wakilia, wakitazama mahali ambapo asubuhi palikuwa na mlango wa shimo.

Mvua ni ya Mungu, watu wengi walisema. Lakini aliye chini ya ardhi, mita makumi kadhaa, haoni wingu na hasikii radi. Maji yanapomfikia miguuni, walio juu wamekwisha lowana muda mrefu. Kati ya tone la kwanza juu na maji ya kwanza chini kuna nafasi. Wakati mwingine ni dakika kumi, wakati mwingine ni saa nzima. Katika nafasi hiyo kuna mtu aliyesimama mdomoni mwa shimo, mwenye kamba mkononi, na anajua kwamba hali imebadilika. Je, ana ruhusa ya kuwaita wenzake watoke? Na kesho yake, ikiwa mvua ilikatika bila maji kuingia, atapokewa namna gani na mwenye shimo?

Maswali hayo mawili yanagusa kile ambacho wataalamu wanakiita utamaduni wa usalama kazini. Maneno ni makubwa na yanafanya watu wafikirie kaske, buti na vibao vya rangi nyekundu. Vitu hivyo vina kazi yake. Lakini kaske haizuii mlima.

Siku bila mchanga ni siku bila chakula

Ili kuelewa kwa nini neno "tutoke" ni zito, inafaa kuangalia jinsi shimo la dhahabu linavyolipa.

Katika machimbo mengi ya Kivu, mwenye shimo anaitwa PDG, kama vile mkubwa wa kampuni. Yeye ndiye anatoa feza ya kuanzisha kazi: chakula cha wafanyakazi, miti, kamba, mafuta ya motopompa, dawa za mtu akiumia, malipo kwa mwenye udongo na kwa wakubwa mbalimbali wanaopita kudai chao. Wachimbaji hawapati mshahara wa mwezi. Wanapata sehemu ya mawe au ya mchanga unaotoka, kisha gharama zinakatwa. Desturi za kugawa zinatofautiana kutoka chimbo moja hadi lingine, lakini msingi ni mmoja: kisipotoka kitu, hakuna anayekula.

Shimo linaweza kuchimbwa miezi mingi kwenye mwamba mtupu. Deni linapanda. Muke wa mchimbaji anakopa unga wa muhogo dukani kwa jina la shimo, watoto wanafukuzwa shule kwa sababu ya minerval. Kisha siku moja mshipa wa dhahabu unaonekana. Kuanzia hapo hakuna anayetaka kusimama, hata saa moja. Watu wanachimba usiku na mchana kwa zamu, wanapanua pembeni, wanafuata mshipa popote unapokwenda, hata ukielekea chini ya shimo la jirani. Kwa hiyo hatari kubwa na faida kubwa zinafika siku moja. Mtu anayesema "tutoke" siku hiyo anawaomba wenzake waache kile walichokingojea mwaka mzima.

Na anayesema hivyo mara nyingi ni kijana. Mbele yake kuna mzee wa shimo, mwenye miaka ishirini ya kazi, aliyeingia mahali pabaya zaidi na akatoka. Kumpinga papa wa namna ile mbele ya watu ni kukosa adabu. Ni pia kujitangaza kuwa mwoga, na mwoga hapewi zamu nzuri. Kijana ananyamaza. Anaomba kimoyomoyo, anaingia.

Kamituga haikuzaliwa hivyo. Kwa miaka mingi wabelgiji wa kampuni ya MGL walichimba dhahabu pale, na baadaye, kuanzia mwaka 1976, kampuni ya Sominki. Palikuwa na mhandisi, ramani za njia za chini, mafundi wa kuweka miti waliolipwa kwa kazi hiyo tu. Haikuwa paradiso, na wafanyakazi weusi wa wakati wa ukoloni hawakuwa na sauti hata kidogo. Lakini ramani ilikuwako. Tangu Mobutu aliporuhusu raia kuchimba madini mwaka 1982, na baada ya makampuni kuanguka, mashimo yaliongezeka bila ramani. Leo mtu anaweza kuchimba akikwenda chini na kuangukia njia ya zamani iliyojaa maji, ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka.

Mwamba unaosema mbele

Wachimbaji wa zamani wanajua kwamba mlima hauanguki bila kutoa dalili. Ujuzi huo upo Kamituga, upo Walikale, upo Numbi, upo Kolwezi. Haukuletwa na mradi wowote wa wafadhili.

Ufa mpya unaonekana juu, karibu na mdomo wa shimo, kama uzi. Baada ya siku mbili uzi umekuwa kidole. Chini, vijiwe vidogo vinaanza kudondoka mahali ambapo jana hapakudondoka kitu. Miti ya mkaratusi inayoshika paa inalia, inapinda katikati. Maji yaliyokuwa safi yanakuwa ya matope. Kuna pia jaribio la chuma, ambalo wachimbaji wa dunia nzima wanalijua: unagonga paa kwa nondo na unasikiliza. Mwamba mzima unatoa sauti kali na fupi. Mwamba ulioachana na mwenzake unatoa sauti ya ngoma. Ukisikia ngoma, kaa mbali.

Hatari nyingine haitoi sauti wala harufu. Motopompa au mashine yoyote ya mafuta ikiwashwa ndani ya shimo, au karibu sana na mdomo wake, inatoa moshi wenye gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haionekani na hainuki. Mtu anasikia kichwa kizito, miguu inalegea, anakaa kidogo apumzike, haamki. Mwenzake anamwona amelala, anashuka mbio kumvuta, naye analala juu yake. Katika ajali za hewa, mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyetaka kuokoa. Sheria ya wachimbaji juu ya jambo hili inaweza kuandikwa kwa maneno machache: mashine inabaki nje, mbali na mdomo, na hakuna anayeshuka kumfuata aliyeanguka kabla hewa haijapulizwa na kabla hajafungwa kamba.

Tena kuna nguzo. Mchimbaji mwenye akili anapopanua chumba chini ya ardhi anaacha sehemu za mwamba zisimame zishike paa. Lakini nguzo ile ina dhahabu vilevile. Usiku, zamu nyingine inapita, inakwangua kidogo. Kesho yake zamu ya tatu inakwangua kidogo pia. Hakuna hata mmoja aliyeangusha paa. Kila mmoja alichukua ndoo moja tu.

Kwa hiyo tatizo si ujinga. Ujuzi upo vichwani mwa watu. Kinachokosekana ni njia ya ujuzi huo kutoka kichwani mwa mtu mmoja, kufika kwa wote, na kusimamisha kazi bila mtu kupoteza mkate wake.

Bulozi, au marehemu mwenyewe

Mtu anapokufa shimoni, kwanza ni kilio, kisha matanga. Kikosi kinachanga. PDG mwema analeta sanduku, mchele, na kitu kidogo kwa mjane. Pembeni, watu wanazungumza kwa sauti ya chini. Wengine wanasema ni bulozi: dhahabu ina wenyewe, na kwa kila mshipa mzuri wenyewe wanadai mtu. Wengine wanasema saa yake ilikuwa imefika.

Upande wa wakubwa wa serikali na wa makampuni, maelezo ni mengine lakini kazi yake ni ileile. Wanasema: walikatazwa, wakaingia. Marehemu ndiye mwenye kosa.

Hakuna haja ya kudharau imani ya mtu, na ni kweli kwamba mara nyingi watu walikatazwa. Lakini maelezo haya yote yanafunga mlango. Baada ya bulozi, hakuna anayeuliza nani aliweka mti ule, ulikuwa umeoza tangu lini, nani aliona ufa juzi na alimwambia nani. Baada ya "walikatazwa", hakuna anayeuliza kwa nini katazo halikushika. Wiki mbili baadaye shimo linafunguliwa tena mita tano kando, kwa miti ya namna ileile.

Mfano wa Lualaba unasumbua. Tarehe 15 Novemba 2025, kwenye chimbo la Kalando, jimboni Lualaba, daraja lililotengenezwa na wachimbaji juu ya mfereji uliojaa maji lilianguka. Watu wasiopungua 32 walikufa, kwa hesabu ya kwanza ya viongozi wa jimbo. Kuingia mle kulikuwa kumekatazwa, kwa sababu ya mvua nyingi na hatari ya udongo kuporomoka. Katazo lilikuwa sahihi kabisa. Watu walilazimisha, wakaingia. Ripoti ya idara ya SAEMAPE ilisema milio ya risasi ya wanajeshi waliokuwa pale ilitia watu woga, wakakimbilia darajani kwa pamoja.

Mwaka 2019, tarehe 27 Juni, njia za chini zilikuwa zimeanguka kwenye machimbo ya kampuni ya KCC karibu na Kolwezi. Zaidi ya wachimbaji 40 walikufa. Nao walikuwa wameingia bila ruhusa. Mara nyingi jibu linalozungumzwa ni la askari na uzio. Lakini mtu ambaye hana udongo wake halali wa kuchimba, hana mshahara na ana watoto nyumbani, ataruka uzio. Askari anamfanya aruke usiku, bila taa na mbio mbio, yaani kwa hatari zaidi.

Sheria ipo, inaishi Kinshasa

Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inatambua uchimbaji wa mikono. Inasema serikali itenge maeneo ya wachimbaji hao, wachimbaji wawe mkongomani mtu mzima, wawe na karata, wawe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Kanuni zake zinaweka mwisho wa mita 30 kwenda chini. Idara ya SAEMAPE, iliyochukua mwaka 2017 nafasi ya SAESSCAM ya zamani, ina kazi ya kuwafundisha na kuwasaidia wachimbaji, pamoja na upande wa usalama.

Kwenye milima, mashimo mengi yamepita mita 30 zamani sana, na kila mtu anajua. Maeneo yaliyotengwa ni machache, mengine hayana madini ambayo mkono unaweza kufikia. Mjumbe wa serikali anayepanda mlima bila pikipiki, bila kipimo cha hewa, na mara nyingi bila mshahara unaomtosha, anaishia kuwa mtu wa kudai taksi. Wachimbaji wakimwona wanaficha. Hakuna anayemwonyesha ufa mtu anayekuja kwa ajili ya feza.

Katika makampuni makubwa hali ni tofauti, ila si tofauti kama vibao vinavyodai. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mahali pa kazi pawe na komite ya usalama, usafi na kurembesha mahali pa kazi. Kwenye kampuni nyingi za miji yetu, ni lile neno la tatu tu ndilo linaonekana: maua mlangoni na rangi mpya ukutani. Kwenye migodi ya shaba na kobalti ya kusini, kila asubuhi kuna mazungumzo mafupi ya usalama, na kuna buti, miwani, kipimo cha pombe. Hayo ni mazuri. Lakini angalia kibao kile cha "siku bila ajali" kwenye mlango wa kiwanda. Kampuni nyingine zinatoa zawadi kwa kikosi kinachofikisha siku nyingi. Matokeo yanajulikana popote duniani mfumo huo ulipotumiwa: mtu anakatwa kidole kidogo, anafunga kitambaa, ananyamaza ili asiwanyime wenzake zawadi. Mfanyakazi wa siku, aliyeletwa na kampuni ndogo ya pembeni, ananyamaza zaidi, kwa sababu kesho anaweza asiitwe. Kibao kinapanda namba, na hatari iko palepale.

Tofauti moja kubwa inabaki. Mfanyakazi aliyeandikwa kwenye CNSS akiumia kazini, yeye au jamaa yake wana haki ya malipo, hata kama njia ya kuyapata ni ndefu. Mchimbaji wa mikono hana bwana wa kazi kwenye karatasi, kwa hiyo ajali yake ni shauri la jamaa na la huruma ya PDG.

Marcinelle, miaka sabini nyuma

Wanaosema kwamba mambo haya ni ya umaskini wa Kongo wanasahau jambo. Ubelgiji uleule uliokuwa ukiongoza migodi yetu ulikuwa na kilio chake. Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, kwenye mgodi wa makaa wa Bois du Cazier, mjini Marcinelle, gari dogo la kubebea makaa lilikaa vibaya ndani ya lifti, likatokeza nje. Mtu wa chini na mtu wa juu hawakuelewana kuhusu lini lifti ipande. Ilipanda. Gari likagonga boriti, likakata nyaya za umeme, bomba la mafuta na bomba la hewa. Moto ukawaka. Watu 262 walikufa, na 136 kati yao walikuwa waitalia, wageni waliokuja kutafuta maisha.

Wahandisi walikuwako, ramani zilikuwako, sheria zilikuwako. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo: ishara moja ambayo wote wawili wanaielewa kwa namna moja. Baada ya kilio kile, nchi za Ulaya zilizokuwa pamoja katika mambo ya makaa na chuma ziliunda mwaka 1957 komisheni ya usalama wa migodi, na Italia ikasimamisha kupeleka watu wake kwenye migodi ya Ubelgiji. Hapo lawama haikubaki juu ya mtu wa lifti peke yake. Lakini ilihitaji vifo 262.

Daftari, kamba na likelemba

Yanayoweza kubadilishwa kwenye chimbo la mlimani hayadai feza nyingi. La kwanza ni daftari mdomoni mwa shimo. Anayeingia anaandikwa, anayetoka anafutwa. Inaonekana kazi ya mtoto wa shule, lakini kwenye ajali nyingi za Kivu, siku tatu zinapita watu wakibishana ni wangapi walikuwa ndani. Daftari linasema kuna watu wa kutafuta, wangapi, na ni akina nani. Migodi mikubwa inafanya hivyo kwa vibati vyenye namba tangu zamani. Kijiti chenye jina kilichotundikwa kwenye msumari kinafanya kazi ileile.

La pili ni kamba na maana yake. Mivuto mingapi ni "sukuma hewa", mingapi ni "nivute", mingapi ni "wote watoke". Maana iwe moja kwa zamu zote na kwa mashimo yote ya jirani, kwa sababu maji yakiingia shimo moja yanafuata njia hadi la pili. Mtu wa kamba asiwe mtoto aliyepewa kazi hiyo kwa sababu hana nguvu za kuchimba. Awe mtu anayesikilizwa.

La tatu ndilo gumu, na hapo ndipo kooperative nyingi zinakwama: fundi wa miti asilipwe kwa mchanga unaotoka. Akilipwa kwa mchanga, kila mti anaouongeza unapunguza saa za kuchimba na unapunguza chakula chake mwenyewe. Akilipwa na kooperative kwa siku, kwa kukagua na kuweka miti tu, anaweza kusema "leo hapa haingiwi" bila kujiibia. Kwa gharama yake, ni franka za watu wachache zikigawanywa juu ya mashimo mengi.

Lakini siku ile ya kusimama, wengine watakula nini? Wakaaji wa Kivu wana jibu la zamani kwa swali hilo, ingawa mara chache wanalipeleka mgodini. Akina mama wa soko wanacheza likelemba kwa kitu kidogo kila siku, na mmoja wao akipata shida sanduku linafunguliwa. Sanduku la namna hiyo kwa siku za mvua, linalolipa unga wa siku mbili tatu shimo likifungwa, linabadilisha hesabu ya kijana aliyeshika kamba. Anaposema "tutoke", hajawanyima watoto wa wenzake chakula. Hata PDG anapata faida, kwa sababu shimo lililozikwa linazika deni lake pia. Wengi wao wanajua jambo hilo, wamekwisha kulipia masanduku.

Jambo jingine halidai hata franka moja. Kila asubuhi, kabla ya kushuka, kikosi kinauliza: jana nani aliponea chupuchupu? Jiwe lililopita karibu na kichwa, mti uliolia, kichwa kilichouma bila sababu. Mahali ambapo mazungumzo hayo yanafanyika kweli, ni mkubwa anayeanza kwa kusimulia kosa lake mwenyewe. Mzee wa shimo akisema mbele ya vijana kwamba jana yeye aliona ufa na akapita bila kusema, siku hiyo kijana anajifunza kwamba kusema si woga. Mkubwa akichekesha watu juu ya yule aliyeogopa, mazungumzo yanakufa hapo hapo, na hayafufuki kwa karatasi yoyote itakayoletwa kutoka mjini.

Walio juu pia wanaumia

Habari za migodi zinawahesabu walioanguka chini. Juu, kwenye vibanda vya kutwanga, kuna akina mama wanaoitwa twangaise, wanaoponda mawe kuwa unga kwa mkono au wanaokaa karibu na mashine zinazoponda. Unga ule mweupe unaingia kifuani na hautoki. Mawe yenye dhahabu mara nyingi yana silika nyingi, na silika inaunguza mapafu polepole, miaka kumi, kumi na tano. Mama anakohoa, anapewa dawa za kifua kikuu. Kumwagia mawe maji kabla ya kutwanga kunapunguza sana vumbi. Kitambaa mdomoni kinapunguza kidogo tu.

Kisha kuna zebaki, ile "merkiri" inayokamata dhahabu kwenye mchanga. Inachanganywa kwa mikono mitupu, kisha inachomwa juu ya moto, mara nyingi jikoni, watoto wakiwa karibu. Moshi wake unaharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze matumizi hayo. Kuna kifaa kidogo cha chuma kinachofungwa, kinachokamata moshi na kurudisha zebaki iwe majimaji tena. Anayekitumia anaokoa pia feza, kwa sababu zebaki inauzwa.

Mama twangaise hana nafasi kwenye mkutano wa shimo. Lakini ni yeye anayekaa juu kutwa nzima, na ni yeye anayeona wingu likija kutoka upande wa msitu wakati wanaume wote wako chini. Kama kungekuwa na kengele, au hata kipande cha reli ya zamani ya Sominki cha kugongwa, yeye ndiye angekuwa mtu wa kwanza kukigonga. Kwa sasa hana ruhusa hiyo. Hakuna aliyemnyima, hakuna aliyefikiria kumpa.

Kivu ya Kusini, kiangazi kinaisha mwezi wa Agosti na mvua zinarudi mwezi wa Septemba. Mashimo yaliyofunguliwa kati ya Juni na Agosti, kwenye udongo mkavu unaosimama vizuri hata bila miti, yanapokea hapo maji yake ya kwanza.